Ukitafuta Chumba cha Kupanga, Angalia na Moshi

Somo letu la leo ni la watu wanaopanga vyumba. Huenda utasema, "Mimi niko Mgwashi, nina nyumba yangu, somo hili halinihusu." Ngoja kidogo. Binti yako akipata kazi ya duka Lushoto atapanga chumba. Kijana wako akienda Soni kupakia kabichi, au akishuka Korogwe au Tanga kutafuta riziki, atapanga chumba. Mtoto akichaguliwa shule ya sekondari iliyo mbali na haina bweni, utampangia chumba wewe mwenyewe. Na mwalimu au muuguzi akiletwa hapa kwetu, atakuja kubisha hodi kwako aulize kama una chumba. Kwa hiyo somo hili ni la mpangaji, na ni la mwenye nyumba pia.

Mtu mwenye pesa kidogo akitafuta chumba huuliza bei, halafu anauliza choo kiko wapi. Akiwa mwangalifu atauliza na maji. Moshi hauulizi. Anaukuta usiku wa kwanza, wakati ameshalipa kodi ya miezi sita na fedha hairudi tena.

ZAMANI MOSHI ULIKUWA NA PA KUTOKEA

Sisi watu wa milimani tumeuzoea moshi tangu utoto. Katika nyumba za msonge za wazee wetu moto ulikaa ndani. Uliwapa watu joto, ulifukuza mbu, na mahindi yaliyowekwa darini yalikauka vizuri, wadudu wasiyaguse. Moshi ulikuwa kama mtumishi wa nyumba. Ni kweli kwamba macho ya bibi zetu yalikuwa mekundu na walikohoa sana, lakini watu walisema ni uzee tu.

Sasa angalia tofauti. Paa la nyasi linapitisha hewa. Moshi ulipenya kwenye nyasi ukatoka. Siku hizi tunaezeka bati, tunapiga dari, tunaweka vioo madirishani, na baridi ya Juni na Julai ikija tunafunga kila kitu. Tena nyumba moja ya kupanga ina vyumba sita, na kila chumba kina jiko lake. Moto umeongezeka, na njia ya moshi imezibwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya moshi wa majumbani, yaani moshi wa kuni, mkaa, mafuta ya taa na vitu vingine vya kupikia. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto mdogo anayelala kwenye moshi wa namna hiyo yuko katika hatari ya kupata nimonia karibu mara mbili kuliko mtoto anayelala kwenye hewa safi. Mtu mwenye pumu akivuta moshi kifua kinambana. Na mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi asiseme tu kwamba ni moshi wa jikoni. Aende kituo cha afya apimwe kifua kikuu.

Moshi wa sigara nao una mambo yake. Una kemikali zaidi ya 7,000, na kiasi cha 70 kati ya hizo zinajulikana kwamba huleta saratani. Kila mwaka watu zaidi ya milioni moja hufa duniani kwa moshi wa sigara ambazo hawakuvuta wao. Walivuta wenzao, wao wakavuta hewa.

MOSHI USIOONEKANA

Hapa tukae kidogo, maana jambo hili linaua watu usiku mmoja.

Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyezoea joto la Korogwe akipanga chumba huko mwezi wa Julai atatetemeka. Atafanya nini? Blanketi ni moja. Amemaliza kupika kibarazani, jiko lina mkaa mwekundu, anaona hasara kuuzima. Analiingiza chumbani, anafunga mlango, analala.

Mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu hautoi moshi tena. Watu wanadhani umekuwa safi. Huo ndio mtego. Mkaa huo unatoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho. Kazi ya damu ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuisambaza mwilini. Kaboni monoksaidi ikiingia, inajishikiza kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni kama basi la kwenda Mombo lililojaa magunia mpaka kwenye viti. Abiria wamesimama kituoni, basi linapita, lakini hakuna nafasi ya mtu. Ndivyo mwili unavyokosa oksijeni wakati kifua kinaendelea kupumua. Mtu aliyelala haamki. Hapigi hata kelele.

Kwa mtu aliye macho dalili ni hizi: kichwa kinauma, anaona kizunguzungu, anataka kutapika, miguu inakosa nguvu. Mkiwa watatu chumbani, jiko liko ndani, na wote mmeanza kuumwa kichwa kwa wakati mmoja, msiseme ni malaria. Tokeni nje kwanza, mengine baadaye. Aliyezimia avutwe nje kwenye hewa na apelekwe hospitali mara moja. Asimiminiwe maziwa wala maji mdomoni, maana hawezi kumeza, na yatampalia.

Watu wengine hufunika mkaa kwa jivu. Haisaidii, hewa ile bado inatoka. Wengine huacha dirisha wazi kidogo. Hiyo si kinga ya kutegemea mtu ukiwa umelala. Na majiko bora ya udongo, yale yaliyoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980 na kwetu tunayo, ni mazuri kwa kuwa yanakula mkaa kidogo, lakini nayo yanatoa hewa hiyo hiyo. Jiko lenye moto lilale nje. Blanketi la pili ni bei ndogo kuliko sanda.

Wazazi mnaowapangia wanafunzi vyumba, hili ni la kwenu zaidi. Mtoto wa miaka 15 anarudi kutoka shule, mvua inanyesha, anapikia ndani. Halafu analiweka jiko karibu na kitanda apate joto asome. Anasinzia na daftari mkononi. Kabla hujamwacha kwenye chumba hicho, mwambie mwenye nyumba mbele ya mtoto kwamba jiko haliingii ndani usiku. Na umwachie blanketi zito.

NENDA JIONI

Dalali anapenda kukuonyesha chumba saa tano asubuhi. Wakati huo watu wamekwenda kazini, majiko yamezimwa, mlango uko wazi, chumba kinanukia sabuni. Si lazima awe mdanganyifu. Hiyo ndiyo saa yake ya kazi. Lakini wewe usilipe saa hiyo. Rudi peke yako saa kumi na mbili jioni, au saa moja, wakati ugali unasongwa. Ndipo utakiona chumba kilivyo.

Simama katikati ya chumba, funga mlango na dirisha, uhesabu mpaka mia. Macho yakianza kuwasha umepata jibu. Tazama juu. Je, ukuta wa kati umefika mpaka kwenye bati? Nyumba nyingi za kupanga kuta zake zinaishia kwenye mtambaa panya, na juu ni wazi kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho. Nyumba ya namna hiyo, jirani akiwasha sigara unavuta na wewe, akikaanga samaki unajua ni samaki gani. Kama kuna dari, tazama rangi yake. Masizi meusi na utando wa buibui uliokuwa mweusi ni barua aliyokuachia mpangaji aliyetangulia. Chukua kitambaa cheupe, pangusa ukuta karibu na mlango. Ukitoka mweusi, moshi unaingilia mlangoni. Ukitoka wa manjano na unanuka, hapo alikaa mvutaji, na harufu yake haitoki kwa kufagia. Ukuta huo uoshwe na upakwe chokaa upya, na godoro au pazia alivyoviacha usivikubali hata kwa bure.

Ukishamaliza ndani toka nje. Dirisha linaelekea wapi? Kuna mama anayekaanga maandazi kwa kuni saa kumi alfajiri chini ya dirisha hilo? Kuna tanuru la matofali? Wanachomea wapi takataka? Kibanda cha chipsi na mishikaki ni kitu kizuri ukiwa na njaa, lakini si kizuri kikiwa futi tano kutoka kwenye kitanda cha mtoto. Tazama vipisi vya sigara vilivyo chini karibu na kibaraza. Na ukiweza, uliza watoto wa nyumba hiyo. Watu wazima watasema, "Hapa hakuna shida." Mtoto atasema, "Baba Fulani anavutia koridoni."

MAZUNGUMZO YA MPANGAJI NA MWENYE NYUMBA

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo. Mama mmoja anauza mboga sokoni. Ana mtoto wa miaka minne mwenye pumu. Ameonyeshwa chumba mchana, naye amerudi jioni. Someni wawili wawili, mmoja awe mama, mwingine awe mzee.

Mama: Hodi hapa!

Mzee: Karibu, karibu.

Mama: Shikamoo baba.

Mzee: Marahaba mwanangu. Umekuja kwa habari ya chumba?

Mama: Ndiyo baba. Nilikiona mchana na dalali, nimerudi nikione na jioni.

Mzee: Kwani jioni kinabadilika?

Mama: Chumba hakibadiliki baba, ila sasa moto umewashwa. Naona majiko matatu koridoni.

Mzee: Sasa mvua ikinyesha watapikia wapi?

Mama: Ni kweli. Lakini huyu mwanangu ana pumu. Akivuta moshi halali, nami silali. Lile banda la nyuma ni la nini?

Mzee: La kuku. Zamani lilikuwa jiko la marehemu mama watoto.

Mama: Pole baba. Je, likisafishwa haliwezi kuwa jiko tena? Nitalisafisha mwenyewe, na kuku nitawatengea upande wao.

Mzee: Na hao wapangaji wengine watakubali kutoka koridoni?

Mama: Tuwaulize, nao wana watoto. Na lingine baba, usikasirike. Chumba hiki cha pembeni anakaa mvuta sigara?

Mzee: Yule kijana wa bodaboda. Kijana mzuri, kodi yake haichelewi. Simfukuzi mimi.

Mama: Sisemi umfukuze baba. Naomba avutie nje, pale kwenye mti. Ukuta huu haukufika kwenye bati, moshi wake wote utakuja kwangu.

Mzee: Mwanangu, hujatoa hata shilingi, na umeshaanza kunipangia masharti nyumbani kwangu!

Mama: Ndiyo maana nasema sasa, baba. Nikishalipa halafu nikasema, itakuwa ugomvi.

Mzee: (Ananyamaza kidogo.) Kodi ni 18,000 kwa mwezi. Miezi sita.

Mama: Nina ya miezi mitatu baba, 54,000. Tuandikishane. Mambo yakienda kama tulivyosema, mwezi wa nne nakuletea mitatu mingine.

Mzee: Wewe umesoma wapi?

Mama: Kwenye kisomo, baba.

Tazameni alivyofanya. Hakusema "nyumba yako mbaya." Hakumtukana mvutaji. Alileta na kazi ya mikono yake, kwamba banda atalisafisha yeye. Na alisema kabla fedha haijatoka mkononi, maana wakati huo ndio mpangaji ana nguvu. Fedha ikishatoka, nguvu inahamia upande wa pili. Hata hivyo hakupata yote. Kuku walibaki nusu ya banda, na siku za mvua kubwa kijana wa bodaboda alivutia mlangoni badala ya kwenye mti. Lakini koridoni hapakuwa na moto tena, na mtoto alilala.

HESABU

Tuseme chumba cha kwanza ni 15,000 kwa mwezi, wanapikia koridoni. Cha pili ni 18,000, jiko liko nje. Tofauti ni 3,000. Kwa miezi sita ni 3,000 mara 6, yaani 18,000. Fedha hiyo ni nyingi kwa mtu wa kipato kidogo, tusidanganyane.

Sasa tuseme katika miezi hiyo sita mtoto ameugua kifua mara moja tu. Nauli ya kwenda hospitali na kurudi, 6,000. Dawa, 9,000. Siku tatu umekaa na mgonjwa hukuuza mboga, na kila siku hupata 5,000. Hiyo ni 15,000. Jumlisha: 6,000 na 9,000 na 15,000 ni 30,000. Chumba cha bei ndogo kimekula 12,000 zaidi ya kile cha bei kubwa. Na hapo hatujaweka usingizi wako.

Wakati mwingine hiyo 3,000 haipo kabisa. Basi kabla ya kukata tamaa tafuta chumba mbali zaidi na stendi au soko. Mara nyingi mtu akikubali kutembea dakika ishirini anapata nyumba yenye uwanja, na penye uwanja pana mahali pa kuweka jiko nje. Au pangeni wawili mnaoaminiana nyumba ndogo ya vyumba viwili, ili masharti ya moto yawe yenu wenyewe. Na dalali mwambie mapema: sitaki nyumba wanayopikia ndani. Hela yake ya udalali kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Mtu unayempa fedha kama hiyo ni haki yako kumtuma kitu unachokitaka.

ANDIKENI

Neno la mdomo husahauliwa upesi, hasa na aliyepokea fedha. Wewe unajua kusoma na kuandika. Itumie kazi hiyo. Karatasi si lazima iwe ya mwanasheria. Nakili mfano huu kwenye daftari lako:

Mimi ................ nimempangisha ................ chumba kimoja katika nyumba yangu iliyopo ................ kuanzia tarehe ........ mpaka tarehe ........ Kodi ni shilingi ........ kwa mwezi. Nimepokea shilingi ........ za miezi ........

Tumekubaliana kwamba: Hakuna atakayepika kwa kuni au mkaa ndani ya vyumba wala koridoni. Wapangaji wote watapikia kwenye banda la nyuma. Anayevuta sigara atavutia nje, mbali na milango na madirisha. Mwenye nyumba atawaeleza wapangaji wapya masharti haya kabla hawajaingia. Masharti haya yakivunjwa na yasirekebishwe kwa mwezi mmoja, mpangaji anaweza kuhama na kurudishiwa kodi ya miezi iliyobaki.

Sahihi ya mwenye nyumba ........ Sahihi ya mpangaji ........ Shahidi ........ Tarehe ........

Shahidi awe balozi, au mwenyekiti wa kitongoji, na mjini mwenyekiti wa mtaa. Andikeni karatasi mbili zinazofanana, kila mtu abaki na yake. Asiyejua kusaini aweke dole gumba, lakini asomewe kwanza. Sentensi ya mwisho, ile ya kurudishiwa kodi, ndiyo wenye nyumba wengi wataikataa. Ombeni. Akiikataa kabisa, basi lipeni miezi michache, msilipe mingi.

Kwa nini tunategemea karatasi na hatuendi moja kwa moja kwenye sheria? Tanzania inayo sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, ilipitishwa mwaka 2003. Mwaka 2007 nchi yetu ilikubali pia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku. Sheria hiyo inahusu mahali pa watu wengi, kama hospitali, shule na vyombo vya usafiri. Chumba alichopanga mtu ni kama nyumbani kwake, na huko anayetawala ni makubaliano yenu. Uganda nao katika sheria yao ya mwaka 2015 walikataza kuvuta sigara mahali pa watu wote, na hata nje mvutaji asogee mita 50. Marekani walifika mpaka kwenye nyumba zenyewe. Huko kuna nyumba za serikali wanazopangishwa watu wa kipato kidogo, na tangu tarehe 30 Julai 2018 kuvuta sigara ndani ya nyumba hizo ni marufuku. Anayevuta atoke nje, futi 25 kutoka kwenye jengo. Kwa hiyo mpangaji maskini wa kule analindwa na kanuni. Wewe utalindwa na karatasi yako na shahidi wako.

KAMA UMESHAINGIA NA MOSHI UPO

Kuna wasomaji wanaosema, "Somo limechelewa, mimi nimeshalipa." Haya, tufanye nini?

Kwanza jiko lako mwenyewe. Lihamishie chini ya upenu. Kuni zikauke vizuri kabla ya kuwasha, maana kuni mbichi za miwati na mikaratusi zina moshi kupita kiasi. Zipasue nyembamba. Maharage yaloweke tangu usiku, yataiva upesi na moto utawaka muda mfupi. Funika sufuria. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupika ikiwa yupo mtu wa kumshika. Kibatari nacho ni jiko dogo la moshi, taa ya jua au ya umeme ni afadhali. Dawa ya mbu ya kuchoma usiku kucha usiiweke chumba cha mtoto, tumia chandarua.

Halafu jirani. Kama moshi wake unapita juu ya ukuta, nunueni pamoja mifuko ya salfeti au turubai mzibe pale juu mpaka mwenye nyumba atakapojenga. Mlangoni unaweza kuweka kitambaa chini ili moshi wa koridoni usiingie. Lakini sikiliza vizuri: kuziba chumba ni kwa chumba kisicho na moto wowote ndani. Ukiziba na jiko limo, umejifungia na kaboni monoksaidi.

Mvutaji mwenyewe usimwendee kwa hasira saa tano ya usiku. Mwendee asubuhi, na mtoto wako mkononi. Wavutaji wengi ni watu wa kusikia wakiambiwa kwa adabu, na wengine wanatamani kuacha ila hawajapata mtu wa kuwapa moyo.

NA WEWE MWENYE NYUMBA

Unajenga vyumba viwili vya kupangisha hapa Mgwashi? Usianze na rangi ya mbele. Pandisha ukuta wa kati mpaka kwenye bati, ni matofali machache tu ya udongo yanayoongezeka. Weka madirisha mawili yanayotazamana, hewa ipite. Jenga banda la jiko nyuma, lenye paa lililonyanyuliwa na nafasi ya wazi juu ya ukuta. Muuguzi anayejua habari za kifua atakaa kwako miaka, kwa jirani yako atahama baada ya miezi mitatu. Chumba kinachokaa kitupu hakilipi kodi.

Wasomaji wenye umri mkubwa wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi kwenye redio, wakasoma vitabu, halafu wakatoka wakachimba vyoo. Hawakungoja kila mtu awe tajiri. Sasa serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024. Lengo lake ni kwamba kufikia mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi, kama gesi na umeme. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 umeshaonekana katika vyumba vingi vya kupanga. Jiko la umeme la presha hupika nusu kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Tabu iko kwenye LUKU. Nyumba yenye mita moja kwa wapangaji sita, mwenye nyumba huwa anakataza kupikia umeme kwa kuogopa ugomvi wa kuchangia. Ukiwa na uwezo, weka mita ndogo ya kuhesabu kwa kila chumba. Na mpangaji wa gesi umwonyeshe mahali penye hewa pa kuweka mtungi. Akisikia harufu ya gesi asiwashe kiberiti wala swichi. Afunge mtungi, afungue milango, atoke.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini nyumba ya msonge ilikuwa na moto ndani na bado moshi ulipata pa kutokea? Nyumba yako ya sasa moshi unatokea wapi?

2. Jiko la mkaa lisilo na moshi linawezaje kuua mtu aliyelala? Mweleze mtu wa nyumbani kwako ambaye hakusoma somo hili.

3. Mzee wa kwenye mazungumzo alisema, "Unanipangia masharti nyumbani kwangu!" Je, alikuwa na haki kusema hivyo? Wenye nyumba katika kikundi wajibu kwanza, halafu wapangaji.

4. Wanafunzi kutoka kijiji chenu wanaopanga vyumba ni wangapi? Nani alikwenda kuviona vyumba hivyo wakati wa jioni?

5. Hesabu. Ulizeni dukani bei ya gunia moja la mkaa, na bei ya kujaza gesi mtungi wa kilo 6. Ulizeni watu wawili wanaovitumia kila kimoja kinamaliza siku ngapi. Gawanyeni bei kwa siku. Andikeni ubaoni kila kimoja ni shilingi ngapi kwa siku moja.